Sauti Mbele ya Msafara
Watunzi wa nyimbo wa Tabora na njia ya kwenda ziwani

Kengele kwenye ncha ya pembe, 1850–1890

Pembe kubwa ya ndovu ilikuwa na mbebaji wake. Ilipandishwa begani kwa Mnyamwezi mwenye kifua na sifa, na ile ncha inayotangulia ikafungwa kengele ya ng'ombe, ikawa inalia kwa kila hatua. Mtu wa Unyanyembe, nchi ya Wanyamwezi inayouzunguka mji wa Tabora, aliisikia kengele kabla hajaona vumbi la msafara. Na kabla ya kengele alisikia sauti ya mtu mmoja ikitoa ubeti, kisha sauti za mamia zikiujibu.

Mtu huyo mmoja ndiye ninayemfuata katika simulizi hii. Wapagazi walimwita kirangozi. Alitangulia mbele amevaa nguo nyekundu, kichwani ana manyoya, na mpiga ngoma hakuwa mbali naye. Aliyethubutu kumpita njiani alitozwa faini. Alijua visima viko wapi, wapi pa kulala, na hongo, ule ushuru wa kupita Ugogo, inalipwaje bila ugomvi. Alijua pia kuimba, na hilo halikuwa pambo. Mzigo wa mpagazi ulipita kilo 30, bado chakula chake, mkeka wake na chungu chake. Miguu ya watu mia tano haiendi pamoja kwa amri. Inaenda pamoja kwa wimbo.

Wavumbuzi Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, mji ambao leo tunauita Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Burton aliandika mengi juu ya wapagazi wake, mengi kwa dharau, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alisikia kwamba nyimbo zile zilitungwa papo hapo, kwamba ziliwataja walafi, wavivu, wanawake walioachwa nyumbani, na kwamba yeye mwenyewe naye aliwekwa ndani ya wimbo kwa sifa isiyompendeza. Wimbo ulikuwa gazeti la msafara. Kilichotokea kambini usiku kiliimbwa asubuhi njiani.

Tabora ilikuwa kitovu cha njia hizo. Kutoka hapo njia moja ilielekea magharibi hadi Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Manyema. Nyingine ilipanda kaskazini kwenda Karagwe kwa mfalme Rumanyika. Nyingine ilishuka kusini. Waarabu na Waswahili walijenga tembe zao Kazeh na Kwihara, wakapanda miembe ambayo kokwa zake zilitoka pwani. Stanley na Livingstone walikaa Kwihara mwaka 1872, na tembe waliyokaa sasa ni makumbusho. Wageni wanapelekwa kuangalia vyumba vya Livingstone. Mimi nikifika pale nawawazia zaidi waliolala nje.

Katika njia hiyo mtu wa Nzega, mtu wa Ujiji na mtu wa Bagamoyo walihitaji lugha moja ya kuimbia, na mara nyingi ikawa Kiswahili. Kirangozi alitunga kwa ajili ya watu wasio wa kijiji chake. Huo ulikuwa ujuzi mpya. Wimbo wa mavuno unawajua wanaouimba. Wimbo wa njia unamtafuta msikilizaji popote atakapokuwa. Lakini wimbo huo haukuwa na mwenyewe. Msafara ukifika pwani, wapagazi wa msafara mwingine waliudaka, wakabadilisha majina, wakarudi nao bara. Hakuna kirangozi hata mmoja ambaye jina lake tumebakiziwa kama mtunzi.

Chuma kinachukua mizigo, 1893–1930

Mtemi Isike wa Unyanyembe alipambana na Wajerumani mpaka Januari 1893. Boma lake lilipovunjwa alilipua ghala la baruti akiwa ndani badala ya kukamatwa. Baada yake njia haikuwa tena ya Wanyamwezi kuifunga na kuifungua.

Pigo kubwa zaidi lilikuja kwa reli. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku mbili tatu, na behewa moja likabeba mizigo ya watu mamia. Kisha Vita Kuu ya Kwanza vikaingia. Wanaume walikamatwa tena kubebeshwa mizigo, mara hii ya majeshi, wengi wakafia njiani kwa njaa na maradhi. Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Upagazi uliokuwa heshima ya kijana, kazi aliyoifanya ili aoe, ukaishia katika mateso ambayo wazee hawakupenda kuyasimulia.

Kuimba hakukuisha, kulihama. Ngoma ya beni, iliyozaliwa pwani kwa kuiga bendi za kijeshi, ilifuata reli na askari kama maji yafuatavyo mfereji. Vikundi vya Marini na Arinoti vilishindana kwa sare, vyeo na tarumbeta, na Tabora ikawa moja ya miji ya bara ambako beni ilipata watu wengi. Huko vijijini ngoma ya manyanga iliendelea kuchezwa. Wanaume waliokwenda kukata mkonge Tanga walirudi na nyimbo za huko, na baadaye na gramafoni.

Gramafoni ilibadilisha jambo moja ambalo nadhani halijapewa uzito wake. Mwaka 1928 Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi, na santuri zake zikauzwa pwani na bara. Kwa mara ya kwanza sauti ya mwimbaji wa Kiswahili ilisafiri bila miguu yake. Na juu ya santuri, katikati pale kwenye karatasi ya duara, pameandikwa jina. Mtu wa bara aliyemsikia Siti hakuwa amemwona, lakini alijua anaitwa nani. Kirangozi hakuwahi kuipata nafasi hiyo.

Salum Zahoro na vijana wa Kiko, miaka ya 1950

Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah, hukohuko Morogoro, mwaka 1948. Ukiitazama ramani, muziki wa dansi ulipanda garimoshi na kuelekea magharibi kituo baada ya kituo. Tabora haikuweza kubaki nyuma. Tawi la reli la Mwanza lilikamilika mwaka 1928, la Mpanda mwaka 1950, na yote mawili yalianzia upande huu wa nchi. Mji ulijaa wafanyakazi wa reli wenye mshahara wa mwezi, makarani, walimu na wanafunzi wa shule ya serikali iliyofunguliwa mwaka 1925. Hao walitaka pa kwenda Jumamosi jioni.

Kutoka upande wa pili wa ziwa zilikuja sauti nyingine. Santuri za Kuba zilizosambazwa Afrika tangu miaka ya 1930 ziliwafundisha vijana wa Kongo rumba, na redio za Kongo zikairudisha huku kwetu ikiwa na magitaa. Tabora ilikuwa katikati: mashariki pwani na taarabu yake, magharibi Kongo na magitaa yake. Njia ya pembe ikawa njia ya muziki, na mara hii mzigo ulikuja kutoka pande zote mbili.

Katika mji huo Salum Zahoro alijenga jina akiwa na Kiko Kids. Jina lenyewe linataja vijana, nao walikuwa vijana. Zahoro alitunga, aliimba na kupiga gitaa. Sikiliza rekodi zao za mwanzoni mwa miaka ya 1960: mwendo wake hauna haraka, mwimbaji anatoa neno kama anayezungumza na mtu aliyekaa jirani, kisha wenzake wanaitikia kwa pamoja. Mimi nasikia humo kirangozi na msafara wake. Wanamuziki wenyewe huenda wangesema wamejifunza kwa Wakuba, na wangekuwa na haki. Lakini mtu hupenda upesi kile ambacho sikio lake limeshaandaliwa kukipenda.

Mwezi Januari 1958 TANU, chama kilichodai uhuru, kilifanya mkutano wake mkuu Tabora, ule wa uamuzi mgumu wa kushiriki uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Mji uliokuwa wa wapagazi sasa ulikuwa unaamua njia ya nchi nzima, na ulifanya hivyo kwa Kiswahili. Ndani ya hali hiyo bendi ya mji kuimba Kiswahili lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Kiko Kids hawakuimbia kabila. Waliimbia ukumbi, na ukumbini alikuwepo Mnyamwezi, Mmanyema, Muha, Msukuma na Mwarabu.

Kikwazo kilikuwa kurekodi. Tanganyika haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi iliyotaka sauti yake iingie kwenye sahani ilitegemea kampuni za Kenya, ambako mwenye mtambo ndiye aliyepanga bei. Njia nyingine ilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951, na kadiri miaka ilivyokwenda ikawa ndiyo mlango mkuu wa mwanamuziki wa bara.

Jina la jimbo mjini Dar es Salaam, 1959

Sio wote waliongoja redio iwafuate. Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alianzisha Western Jazz Band mjini Dar es Salaam mwaka 1959. Jina lilitokana na Jimbo la Magharibi la siku za ukoloni, na wengi wa wanamuziki wa mwanzo walikuwa watu wa huko. Mtindo wao waliuita Saboso. Rashid Hanzuruni, mpiga solo wao, alilifanya gitaa liseme kwa namna ambayo wapigaji wa miji mingine waliifuata.

Zamani mpagazi aliteremka pwani, akalipwa, akarudi kwao kulima kabla ya mvua. Wanamuziki wa Western walishuka pwani wakabaki. Tangu hapo kila kijana wa Tabora mwenye gitaa alikuwa na swali kichwani: nipige hapa, au nipande treni?

Shem Karenga na Tabora Jazz, miaka ya 1970

Nyumbani kwetu redio ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, zikapata nguvu ya kutosha nyimbo mbili tatu za mchana. Kwa betri hizo za kuanika ndipo nilipoisikia kwanza "Dada Asha" ya Tabora Jazz. Sikujua Tabora iko wapi. Nilijua tu kwamba huko kuna mtu anaimba taratibu na haogopi kunyamaza katikati ya wimbo, aache gitaa limalizie.

Mtu huyo alikuwa Shem Ibrahim Karenga. Alizaliwa Kigoma, ulikoishia mwendo wa nchi kavu wa misafara, akaanzia muziki huko katika Lake Tanganyika Jazz kabla ya kupanda treni kuja Tabora. Mkondo wa Karenga ulikuwa kinyume na ule wa kirangozi aliyekwenda ziwani: alitoka ziwani kwenda Tabora, na miaka mingi baadaye pwani, akiwa amebeba gitaa.

Tabora ya wakati huo ilikuwa na utajiri ambao mji wa ukubwa wake haukustahili kuupoteza. Kiko Kids walikuwa wameacha alama. Nyanyembe Jazz walikuwa na "Rangi ya Chungwa", wimbo ambao hadi leo bendi yoyote ya zilipendwa ikiuanza watu wanainuka vitini. Tabora Jazz walikuwa na mtindo wao wa Segere Matata. Kila bendi ya enzi hiyo ilikuwa na mtindo na jina la mtindo; bendi ya NUTA walikuwa na Msondo, Western na Saboso. Jina la mtindo lilikuwa bendera.

Tazama lakini utaratibu wa kazi ulivyokuwa. Vyombo vilikuwa mali ya klabu au ya mfadhili. Mtunzi aliingia bendi mikono mitupu na akiondoka aliondoka mikono mitupu, nyimbo zake zikabaki. Bendi ilisafiri hadi Dar es Salaam, ikaingia studio za Redio Tanzania barabara ya Pugu, ikarekodi nyimbo kadhaa kwa siku moja, ikalipwa kidogo mara moja, ikarudi. Wimbo ukapigwa miaka thelathini. Mtangazaji alitaja bendi: hawa ni Tabora Jazz. Jina la mtunzi mara nyingi halikutajwa. Walioijua sauti ya Karenga waliijua kama unavyoijua sauti ya jirani usiyemjua jina.

Sisemi haya kuilaumu redio. Bila redio hiyo nisingemsikia kabisa, na taifa zima lisingekuwa na ghala la nyimbo zile. Serikali ilitaka muziki wa Watanzania usikike na ikautengea nafasi hewani kuliko nchi nyingi jirani. Lakini malipo ya mara moja yalimrudisha mtunzi kwenye hali ya mpagazi: unalipwa kwa safari moja, mzigo unaendelea bila wewe.

Magitaa yanahama, 1978–1995

Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 viliikuta nchi tayari imechoka. Petroli ikawa ya mgawo. Nyuzi za gitaa, ngozi za ngoma, spika na vipuri vyote vilihitaji fedha za kigeni ambazo hazikuwepo. Bendi ya Dar es Salaam iliweza kujikongoja kwa sababu watu na mashirika yalikuwa mengi. Bendi ya mkoani spika ikipasuka ndiyo basi. Kumbi za bara zilinyamaza moja baada ya nyingine.

Katika miaka hiyohiyo Dar es Salaam ilimpata mtunzi kutoka mwisho kabisa wa njia ile ya zamani. Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, katika nchi ya Manyema walikokwenda wafanyabiashara wa Tabora kutafuta pembe, na ambako Kiswahili chao kilibaki baada ya pembe kwisha. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila. Yeye alipata kile ambacho wenzake wa Tabora hawakuwahi kukipata: alisimama mbele kwa jina lake. Mwaka 1989 santuri yake ilitoka Uingereza chini ya Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Aliimba juu ya kifo, umaskini na ukimwi, na alipoishi pakaitwa kwa jina lake: kituo cha basi cha Sinza kwa Remmy kipo hadi leo, ingawa mwenyewe alifariki Desemba 2010.

Salum Zahoro naye aliishia Dar es Salaam. Miaka ya 1990 ilipoanza, wazee waliokuwa nyota wa uhuru walikuwa hawana hata magitaa. Shirika la HelpAge liliwasaidia kupata vyombo, ikazaliwa bendi ya Shikamoo Jazz, na Zahoro akawa miongoni mwa sauti zake. Mwaka 1995 walitoa albamu ya "Chela Chela", na katikati ya miaka hiyo walisafiri hadi Uingereza. Kijana wa Kiko Kids, sasa ana mvi, akasimama mbele ya watu wasiojua Tabora wala Kiswahili, akatoa neno na wenzake wakaitikia. Naliona hilo kuwa tukio kubwa kuliko magazeti yalivyoliandika.

Jina la mwenye wimbo, 1999–2017

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ilipitishwa mwaka 1999, ikaleta COSOTA, chama cha kusimamia haki za watunzi. Kwa Zahoro na Karenga ilikuja jioni. Nyimbo zao zilikuwa zimeshapita kwenye kaseti za kunakili, zile za madukani zenye karatasi ya picha iliyofifia, na hakuna aliyehesabu nakala.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2001, sauti ya msichana ilitoka upande wa njia ya kaskazini, ile iliyopanda kutoka Tabora kwenda Karagwe. Saida Karoli, mzaliwa wa Kagera mwaka 1976, hakuwa na bendi ya dansi nyuma yake. Alikuwa na ngoma yake ya Kihaya na lugha ya kwao. Albamu ya "Chambua Kama Karanga" ilipigwa kwenye mabasi, harusi na vilabu vya pombe kutoka Bukoba hadi Mtwara, na watu wasiojua neno la Kihaya waliimba naye. Hakuigeuza ngoma ya kijijini ifanane na kitu kingine. Watunzi wa Tabora walikuwa wamefungua njia kwa Kiswahili. Yeye alionyesha kwamba njia hiyohiyo inabeba hata lugha ya kijiji kimoja. Baada ya hapo alipita miaka mirefu ya ukimya.

Karenga hakuacha. Aliendelea kuongoza Tabora Jazz Stars huko Dar es Salaam, wana Segere Matata, akiwapigia watu waliozeeka naye na watoto wao. Alifariki Desemba 2014. Bendi yake ilikuwa bado imebeba jina la mji ambao ni mwendo wa treni wa usiku na mchana kutoka pale alipokuwa anapiga.

Mwaka 2016 mwanamuziki Diamond Platnumz, ambaye ukoo wake unatoka Kigoma, alitoa "Salome" akiwa na Rayvanny, wimbo uliojengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli. Mamilioni waliusikia kwenye simu kabla ya mwezi kwisha. Mwanzoni nilikasirika, nikidhani yaleyale ya msafara yamejirudia, wimbo umedakwa na majina yamebadilishwa. Lakini haikuwa hivyo. Vijana waliokuwa hawajazaliwa mwaka 2001 walianza kuuliza wimbo huu ni wa nani, na jibu lilikuwepo. Saida akaitwa tena majukwaani, na mwaka 2017 akatoa wimbo mpya, "Orugambo". Alipopanda jukwaani alianza kwa ngoma, peke yake, kabla ya mtu yeyote kuitikia.